Shimo Lisilo na Nzi

Goma, Ndosho, tarehe 14 Machi 2024

Papa mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wa Butembo. Natumaini kifua kimepoa na miguu bado inakubali kupanda mpaka parokia. Sisi huku tunapumua, na siku hizi hilo silichukulii kama jambo dogo. Barabara ya Rutshuru imefungwa, kwa hiyo Carlos, yule mchuuzi wa vitenge, atakuletea barua hii kwa kuzungukia Uganda.

Uliniuliza kwa nini mvua zimeacha ratiba yake, maharage yanaoza mwezi huu na kukauka mwezi ujao. Uliniuliza kwa sababu nafundisha jiografia, nami napenda mno kuulizwa. Basi, jua linaipasha dunia joto, na dunia inalirudisha joto hilo juu. Angani kuna gesi zinazolizuia lisitoroke lote, kama kifuniko cha sufuria. Bila kifuniko tungeganda. Lakini kila gunia la makala ya kupikia, kila lori, kila msitu unaochomwa, unakiongezea unene. Joto likizidi, maji mengi yanapanda kuwa mvuke, na mvua inamwagika kupita kiasi hapa huku kule ikikosekana. Gesi kubwa kati ya zile tunazoongeza haina rangi wala harufu. Milima yetu ya moto inatoa kidogo tu, nyingi ni yetu sisi watu. Wewe unaijua kuliko wanafunzi wangu wote, maana ndiyo ile mazuku, hewa inayoua, ya shimo letu nyuma ya nyumba.

Ulitufundisha tungali wadogo: tupa nyasi zinazowaka, moto ukizimika ghafla usishuke. Ulisema ni nzito kuliko hewa, asubuhi isiyo na upepo inalala shimoni mpaka kiunoni, aliyesimama anapita salama na aliyeinama haamki. Ukasimamisha ubao wenye fuvu la rangi nyekundu.

Mwezi wa pili vita vilipofika karibu na Sake, watu kumi na saba kutoka milima ya Masisi waliingia uani kwetu. Kati yao alikuwepo Sidonie, mjane wa rika la Mama, na wifi yake Nsimire, aliyewapikia wote. Sidonie alilalamika kwa upole kwamba kwenye kelele zile hasikii hata rozari yake mwenyewe. Asubuhi moja aliaga akisema, “Niko naenda kusali pa kimya, mutu asinifuate.”

Pale shimoni ni kimya kweli, Papa. Hakuna nyenje, hakuna nzi. Nilipochungulia kutoka jikoni nilimwona chini amepiga magoti, paji la uso juu ya jiwe. Nikasema moyoni, huyu mama anajua kusali. Nikawaambia watoto wapunguze sauti. Nikachemsha chai, nikawanywesha watu, nikachungulia tena. Alikuwa vile vile. Kando ya goti lake kulikuwa na ndege mdogo amelala chali, na rozari haikuwa imesogea hata punje moja. Ndipo nilipoelewa. Nilishuka nimebana pumzi, nikamfunga kitenge kwapani, wenzangu wakamvuta juu, lakini alikuwa ameshakata roho.

Baadaye upepo uliamka. Wengine wakashuka shimoni, hakuna kilichowapata. Basi wakasema ni sumu, kwa kuwa jioni iliyotangulia alikula maharage ya Nsimire. Nsimire analia tu, anasema, “Mi sikumupa kitu.” Hawamwachi aguse sufuria. Majirani wetu wengi ni wapya, na shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, aliuliza mbele ya wote: kama shimo ni baya, mbona muzee mwenye nyumba hakuweka alama? Wamempa Nsimire mpaka Jumapili aondoke. Aende wapi, na huko kwao kunalia mabomu?

Siku tisa nimenyamaza, mimi mwenye chaki na diploma. Sasa nakwambia, Papa. Alama ilikuwepo. Juma moja kabla, makala yalikosekana mjini, na maji ya watu wote wale yalitakiwa kuchemshwa kwa hofu ya kipindupindu. Niliung’oa ubao wako, nikaupasua, nikautia chini ya sufuria. Nilijiambia nitaandika mwingine kesho yake. Ubao ukawaka vizuri, ukageuka gesi ile ile, ukapanda juu.

Naona aibu mbele yako, na mbele ya Nsimire zaidi. Kesho alfajiri, kabla ya upepo, nitawaita wote ukingoni pamoja na shefu. Nitatupa nyasi zinazowaka, waone zinavyozimika, kisha nitasema nani aliuchoma ubao. Wakitaka kufukuza mtu, wanifukuze mimi. Mlango wa kabati langu nimeshaupaka fuvu.

Leo nilikwenda pale shimoni kumwomba Sidonie msamaha. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Nikakumbuka, nikamwomba nimesimama.

Msalimie Mama, msalimie Kahindo na watoto wake. Mtuombee, na mumtaje Nsimire kwa jina.

Ni mimi binti yako,
Kanyere