Mwaka Elmurod Alipovua Fulana

Jumatatu, 6 Februari 2023

Amerudi! Mpwa wangu Elmurod ameondoka kambi ya timu ya taifa kule Tashkent na begi lake lote — hadi kandambili. Mtu akishabeba kandambili, ujue harudi.

Ameshindwa mchujo kwa pointi. Majaji watatu kwa wawili. Nikamwambia mwakani ipo. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mjomba, mwakani uliniambia mwaka juzi."

Sasa anataka ngumi za kulipwa. Nimemfundisha tangu akiwa na miaka kumi, hapahapa Margilan, kwenye ukumbi ambao mvua ikinyesha nje tunalowa ndani. Raundi tatu: ingia, gusa, toka, pointi. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mimi mwenyewe nilipigana hivyo mpaka pua ikahamia shavuni.

Dada yangu Hosiyat, mama yake, aliuliza jambo moja tu. Hao wa kulipwa wanavaa fulana? Nikasema hawavai. Akajiziba uso na mtandio. "Mwanangu kifua wazi kwenye televisheni — na mimi bado namtafutia mchumba!"

Alhamisi, 9 Februari

Hatujasemezana siku tatu. Leo kaja ukumbini, kapiga gunia mpaka vumbi likajaa, kisha kaniaga ameweka mkono kifuani. Adabu anayo. Ndiyo inayonikera. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Nimekubali. Nani ananiomba ruhusa, sijui, lakini nimekubali.

Jumamosi, 13 Mei

Pambano la kwanza la kulipwa, Tashkent. Kashinda! Na aibu nimeipata mimi.

Lilikuwa la raundi nne. Kengele ya raundi ya tatu ikalia. Elmurod akanyanyua mikono, akamfuata mpinzani wake na kumkumbatia. Yule mwenzake kaduwaa, hajui apige au abusu. Na mimi nilikuwa wapi? Nilishaingia ulingoni na taulo, tumbo mbele, nalia machozi ya ushindi. Maisha yetu yote ngumi huishia raundi ya tatu!

Refa akanishika bega. "Mzee, bado moja. Shuka."

Ukumbi mzima ulicheka. Simu zimerekodi. Bahrom, meneja, kijana wa viatu vyeupe visivyoshika tope, hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama gari kuukuu na kuwaza litafika wapi.

Nyumbani mke wangu, Mavluda, ameiona video kabla sijafungua mlango. Anasema taulo lilinipendeza.

Alhamisi, 20 Julai

Bahrom kaleta kocha mwingine. Vadim. Amezaliwa Tashkent, mkavu kama kuni, miaka sitini na tumbo hana. Hilo peke yake lilitosha kunichukiza.

Kamtazama Elmurod akicheza na gunia. Halafu kaniambia, "Kaka, umempa miguu mizuri sana. Sasa tumfundishe kusimama."

Kusimama! Miaka kumi na minne namfundisha asisimame! Nikamuuliza, na pointi je? Akasema pointi za huku ziko kwenye mbavu za mwenzako, unazifuata hukohuko.

Kuanzia leo mimi nabeba ndoo. Ni ndoo nzuri, ina mfuniko. Kinachonikera ni kwamba anasema kweli.

Jumapili, 10 Septemba

Ushindi wa tatu. Raundi ya tano, ngumi ya kushoto chini ya mbavu, jamaa kapiga magoti kama anatafuta kitu sakafuni. Ngumi ile sikuifundisha mimi. Nilichelewa kushangilia. Mpaka nimeshtuka, watu wote wamesimama.

Kwenye kona alimsikiliza Vadim. Kwangu aliomba maji tu. Nikampa maji. Nilimpa vizuri.

Bahrom anasema Oktoba ni mkanda wa kanda, raundi kumi. Akiuchukua, milango ya nje inafunguka.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimefanya upuuzi.

Kupima uzito ni keshokutwa. Kilo sitini na tatu na nusu, wala si gramu juu. Vadim alituachia siku mbili za nyumbani na maagizo: yai la kuchemsha, kipande cha kuku, usingizi. Leo alfajiri jirani yetu Tursunboy anaoza mwanawe, na pilau ya wanaume huliwa kabla jua halijachomoza. Elmurod kasema haendi. Mimi nikasema, twende tukae tu, tunywe chai ya kijani, tuombe dua, turudi. Usipokwenda watasema televisheni imekulevya.

Tukakaa. Chai ikaja. Sahani zikaja. Elmurod mikono mapajani kama bibi harusi. Ndipo Tursunboy akakunja mkono wa joho lake, akafinyanga tonge — wali, nyama, karoti, na juu yake kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo — akalipeleka mpaka mdomoni kwa Elmurod. Kwa mkono wake mwenyewe! Mzee akikulisha kwa mkono mbele ya watu, mdomo unajifungua wenyewe. Sijawahi kuona uliofungwa.

Wa pili akanyanyuka. Wa tatu. Wakapanga foleni wazee wazima, joho kwa joho.

"Kula, shujaa! Mkanda huo ni wa Margilan!"

"Mwongeze mafuta, huyo wa Tashkent anamlisha nyasi!"

"Keshokutwa akipanda mizani, mizani itaita polisi!"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Elmurod, mashavu yamejaa, akanitazama. Alikuwa ananiomba nimtoe. Nililiona jicho lile waziwazi. Na wao wakapiga makofi, "Mjomba naye! Mjomba naye!"

Nikanawa mikono. Nikamlisha. Tonge langu lilikuwa kubwa kuliko yote.

Ijumaa, 6 Oktoba

Amezidi gramu mia saba.

Wakatupa saa mbili. Alikimbia korido za hoteli amevaa nailoni, akaingia bafu la mvuke, akatoka, akatafuna ubani na kutema mate kwenye kikombe mpaka mate yakaisha. Mara ya pili, mia tatu. Ameshikiliwa taulo, hana nguo hata uzi, midomo imepasuka. Mia tatu! Upande wa mpinzani wakakataa. Wana haki. Mkanda hakuna, pambano hakuna.

Vadim akauliza nani alimlisha. Elmurod akasema, "Nilikula mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama hapohapo na ndoo. Nikasema ni mimi. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Najua," Vadim akasema. "Unanuka mafuta ya kondoo mpaka leo."

Njia nzima ya kurudi, mlima wote ule wa Kamchik, Elmurod kaweka kichwa dirishani. Nilimpa maji. Alisema, "Ahsante, Mjomba." Heri angenirushia chupa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo ndiyo ingekuwa siku. Mavluda kapika supu, mimi sikula.

Uongo. Nimekula mabakuli mawili.

Jumatano, 25 Oktoba

Bahrom kapiga simu. Upande wa pili umekubali tarehe mpya, Novemba. Nafasi ya mwisho — alilisema mara mbili hilo, la pili polepole, kwa ajili yangu. Na baada ya pambano Elmurod hatarudi Margilan. Atakaa Tashkent chini ya Vadim, kisha popote milango itakapofunguka.

Nimewaambia watoto wa ukumbini kuwa ni habari njema. Nimewazungusha uwanja mara nyingi kupita kiasi mpaka mmoja akauliza wamekosa nini.

Alhamisi, 9 Novemba

Naandika nimesimama. Wote wako uani.

Kupima uzito ni kesho mchana. Vadim amekuja mwenyewe na gari kumchukua, na mizani yake kwenye buti. Wamepima barazani sasa hivi: uzito uko palepale, hauna nafasi ya kupumua. Elmurod amenyauka, macho ndani. Vadim akasema mbele yetu sote: kuanzia hapa mpaka mizani, kitu kikiingia mdomoni mwake kutoka kwa mtu mwingine yeyote, yeye anageuza gari na anaondoka peke yake. Na mtu huyu hatishii bure.

Ndipo Hosiyat akatoka jikoni na mkate.

Mkate wa tanuri, wa moto, ameushika kwa mikono miwili. Kila anayetoka nyumba hii kwenda mbali anaung'ata kidogo, nao unatundikwa ukutani, unamngoja arudi aumalize. Baba yetu aliung'ata akienda jeshini. Mimi pia. Elmurod aliung'ata kila alipokwenda kambini.

"Leo hapana, mama," Vadim akasema. Anaijua mila, amekulia nchini humuhumu. Alisema na kofia mkononi.

"Tonge la mkate tu! Mkate wa mama una uzito gani?"

"Hivyo hivyo walisema wazee wa pilau."

Hosiyat akajifanya hakusikia. Akamwambia Elmurod kwamba ukuta mtupu haumwiti mtu nyumbani. Majirani wamejaa langoni. Tursunboy, ndiye huyohuyo, akapaza sauti, "Basi aung'ate halafu ateme!"

Wote wakamgeukia. Kutema mkate! Akainamisha kichwa, akaomba toba kwa Mungu, akarudi nyuma ya mkewe.

Elmurod hakung'ata, wala hakukataa. Alitazama ule mkate — siku tatu hajagusa wanga — koo likapanda na kushuka. Halafu akasema, "Mjomba ndiye aliyenianzisha. Mjomba aseme."

Mimi! Baada ya tonge lile!

Nikisema ang'ate, gari linaondoka tupu. Anabaki hapa. Kesho asubuhi yuko ukumbini kwangu, ananiamkia, mkono kifuani, na hakuna mtu wa kunilaumu, maana ni mila. Nimeliwaza hilo. Nimeliwaza muda mrefu kuliko inavyofaa. Nikisema asing'ate, dada yangu atabaki na mkate mzima mikononi, na ukuta.

Nimewaambia naingia kutafuta miwani. Miwani iko usoni.

Vadim amepiga honi mara moja, kwa heshima. Kupitia dirishani namwona Hosiyat, mkate umeanza kupoa, mvuke umekwisha. Amegeuka huku. Ananiita — si "kaka," wala si kwa jina langu. Maisha yake yote hajawahi kuniita hivi.

"Kocha!" anaita. "Kocha, toka useme!"