Wimbo wa Kanyoni

Kibirizi, Kigoma
Agosti 2018

Kwako Dada Hasna,

Salamu nyingi zikufikie hapo Ujiji, wewe na mama yetu Bi Yusra, ambaye naomba umpe shikamoo yangu. Mguu wake unaendeleaje siku hizi? Mimi mwili haujambo. Habari za moyo utazisoma humu.

Sijasahau ulivyonipokea. Mwaka ule tulipoteremka melini kutoka Kagunga, pale mpakani tulipokimbilia toka Burundi, nimepotezana na binti yangu Kanyoni katika msukumano wa kupanda, ni wewe uliyenifunika kanga yako ukaninywesha uji. Nilikuita dada, ukaitika, nawe ukaniita dada. Kwa hiyo ulipokuja kambini Nyarugusu mwaka jana na kinasa sauti cha makumbusho yenu, ukaniomba nikuimbie wimbo niliombembelezea Kanyoni, kidege changu, sikusita. Ulisema wimbo utapigwa kwa vipaza sauti katika kambi zote mpaka mtoto ausikie. Nikakueleza kwamba kwetu kila mama humtungia mwanawe wimbo wake, na mwishoni huuliza nani analia, kisha hunyamaza ili mtoto ajibu. Jibu la Kanyoni nilikunong'oneza wewe peke yako, ili umtambue.

Juzi nilipata kibali cha kuja hospitali, nikapita makumbusho na karanga za Bi Yusra. Ulikuwa umesafiri. Mlinzi wenu Pastory akanikaribisha nione mambo mapya. Alisema siku hizi watu wamechoka kutazama mikuki na vyungu kabatini. Wanavaa miwani mikubwa na kuingia ndani ya hadithi yenyewe. Akanivika. Loo, Hasna! Nikajikuta Kagunga tena, ile milima, yale maji, wale watu, na sauti yangu ikiimba juu ya vichwa vyao. Pale mlangoni mmeandika Mama Anayetafuta.

Hata hapo nilikutetea. Nilijiambia labda wimbo ulipigwa kambi za Nduta au Mtendeli nami sikupata habari. Nikamuuliza Pastory. Akasema haujawahi kutoka chumba kile. Kisha, maskini, akitaka kunifurahisha, akanionyesha kitufe ambacho mgeni hubonyeza na kuacha sauti yake, wengine wasikie. Sauti ya kwanza kabisa, uliyoiweka mbele wewe mwenyewe, ni ya mtoto. Anasema kwa Kirundi, neno kwa neno kama nilivyokunong'oneza, kwamba anayelia ni Kanyoni, kadonoa mtama wa bibi.

Ni mwanangu, Hasna. Yu hai.

Nilipiga ukelele mpaka Pastory akanivua miwani. Alipojua mimi ndiye mwenye wimbo, aliketi sakafuni. Akanieleza kwamba mtoto yule aliletwa na Mama Skolastika, muuza dagaa wa Mwamgongo anayemlea. Kwamba aling'ang'ania ile mashine akilia, nawe ukawaambia mwenye sauti amekwisharudi Burundi, haijulikani aliko.

Usiniambie hukuelewa. Kiha unakijua tangu utotoni, na Kirundi ni ndugu yake. Jibu nilikupa kwa mdomo wangu. Nimewaza usiku na mchana kwa nini, na sipati ila sababu moja: onyesho lako ni la mama anayetafuta. Akishapata, wageni wako watakuja kuona nini? Kumbe siku zote ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Waliotufukuza kwetu hawakuwahi kuniita dada. Wewe uliniita.

Nakuandikia nikingoja boti ya Mwamgongo. Kibali changu ni cha hospitali tu. Wakinikamata na wanikamate nikiwa nimeshamshika mkono. Barua hii namwachia Pastory, aliyenisindikiza mpaka hapa, nami nimeifungia ndani ya kanga yako. Karanga ni za Bi Yusra, yeye hana kosa. Mwambie namwombea apone.

Sauti yangu uiondoe. Ya mtoto nitakuja kuichukua naye. Na wageni wakikuuliza yule mama yuko wapi, waambie ameitwa, ameitika.

Ni mimi,
Rozalia, mama yake Kanyoni