Msilifunge Darasa la Mafundi wa Friji

Shela, Malindi
12 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Yaseen,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na Safaa mkeo? Huko Toronto baridi imepungua? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mama limetulia; jana alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kugombana na jirani.

"Watu hawa hawafundishiki, ukiwaita darasani, wanakimbia." Maneno yako hayo, uliyotuandikia kwa niaba ya kamati yenu ya wafadhili wa darasa la friji. Nimeyasoma nikapandwa na hasira, kwa sababu si kweli.

Walikimbia, ndiyo. Lakini mwaka jana mliwaita mwezi wa palizi! Mahindi ya mashambani kwao Magarini yamemezwa na magugu, nanyi mnamtaka mama aliyeachiwa watoto peke yake aje mjini kusikiliza hotuba za kujiamini. Wanawe wangekula hotuba? Nyinyi mkaandika: wavivu.

Mwalimu Kalama, anayeliendesha darasa, alianza upya baada ya mavuno. Hotuba akazitupa, akawaweka wanafunzi kwa mafundi wa mjini washike spana, na bibi mmoja akawatunza watoto wao papo hapo karakanani. Palizi ya mwaka huu ilipofika, alifunga darasa kwa muda. Sikufichi, wachache hawakurudi. Wengi walirudi, tena bila kuitwa.

Miongoni mwao ni Kahonzi, mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga shule. Wiki jana friza ya Farjallah, muuza samaki wetu, ilizima. Alipomwona Kahonzi na mkoba wa spana aling'aka: "Nimeita fundi, sikuita mpishi!"

"Mpishi wa nini tena, mzee? Samaki wako karibu wataiva humo humo."

Soko zima lilicheka. Kumbe panya walikuwa wamekata waya; Kahonzi akauunga. Adhuhuri haijaadhiniwa, friza inanguruma, na sasa Farjallah anamtaka aje aitazame na ile ya nyumbani.

Lakini hajafundishwa kujaza gesi. Kamati ikifunga mfuko sasa, atabaki nusu fundi, na friza nyingi za hapa zinadai gesi.

Mama anakusalimu, na shemeji yako Mahmood pia. Watoto waambie marahaba, najua wameniamkia. Mungu awalinde ugenini na awape riziki ya halali.

Sasa nisikilize, wewe na wenzako wa kamati. Jumamosi mkikutana, pingeni kufungwa kwa darasa. Mwacheni Kahonzi amalize.

Dada yako akupendaye hata akikugombeza,
Radhia