Mkono wa Bibi wa Shume

Jumatano, saa moja jioni

Nimenawa mara ya sita.

Yule bibi wa Shume nilimng'oa jino asubuhi, damu ikakataa kukata. Nikakandamiza pamba mpaka ikapungua, akanipa mkono kushukuru. Nikavua glavu, maana kwetu mzee hapewi mkono wenye mpira. Kiganja chake kilikuwa cha moto, kimelowa damu aliyojifuta mdomoni.

"Bibi, una homa?" Ndiyo kwanza nauliza! Swali la kuanzia kabisa.

"Tangu Jumapili, mjukuu wangu. Tangu tumzike dada niliyekuwa namuuguza. Naye alitokwa damu hivihivi."

Wamemtenga wodini, wakisubiri vipimo. Mimi nimeambiwa nikae chumbani peke yangu. Kidole changu kina jeraha la kisu, la juzi tu.

Mke wangu anagonga, anasema chai inapoa. Sijamfungulia.