Kaka, Meneja Atakula Ugali

Kaka Paulo,

Nimekaa kwenye kiti chako cha kukunja. Ulikuwa ukisema kiti hiki ni cha mtu mwenye mgongo mbaya, si cha mtu mwenye maneno mengi. Siku hizi ninavyo vyote viwili, kwa hiyo nimekaa.

Huku Rhotia tunaendelea. Mvua ilichelewa, halafu ikaja yote kwa pamoja kama wageni wa harusi. Mahindi yametoka kiasi, maharage ya ngwara yametoka vizuri zaidi. Mkeo Theresia hajambo. Amerudi kwaya, tena anaimba kwa sauti ambayo hatukujua anayo, na baadhi yetu tunashuku kwamba miaka yote alikuwa akiibana kwa sababu yako, ulivyokuwa ukikaa benchi la mbele umekunja uso. Gari lako amepewa dereva mwingine. Linapita hapa alfajiri likiwapeleka wageni wake kreta kuona wanyama, na huyo kijana anapiga honi kwenye kona, jambo ambalo wewe hukulifanya hata mara moja. Sijui kama ni heshima kwako au anafukuza mbuzi.

Sasa Meneja.

Watu wananiuliza kama mbwa wako huenda kulala kaburini kwako. Hapana, Kaka. Analala juu ya mkeka wa wifi Theresia, ule wa kuanikia karanga, na akifukuzwa anahamia upande wa pili wa mkeka huohuo. Ulimwita Meneja kwa sababu anazunguka shamba zima bila kushika kazi yoyote, na cheo hicho bado anakitendea haki. Nungunungu wanakula mahindi yetu, yeye anawasikiliza.

Tumemlisha kama ulivyoagiza. Ulisema ukiwa kitandani, tena mbele ya padri, wakati sisi wengine tulidhani utataja shamba au mipaka: "Meneja asionje mahindi." Wifi aliitikia kwa kichwa, nami nikaitikia kwa changu. Kwa hiyo tumekuwa tukimletea ile mifuko ya Arusha, ya chakula kisicho na nafaka, aliyokufundisha yule bibi mgeni uliyempeleka kreta. Unakumbuka ulivyorudi jioni ile na mahubiri? Kwamba mbwa ametoka kwa mbwa wa porini, na wa porini hajawahi kulima. Nikakuuliza kama wa porini amewahi kulala kwenye mkeka wa karanga. Ukaninunia mpaka chai.

Sikuchukizwa na mifuko yenyewe. Nilichukizwa kidogo kwamba katika kijiji kizima cha wakulima wa mahindi, mbwa wetu ndiye pekee anayeyadharau. Majirani walimwita mtalii. Lakini nilijua agizo lako lilikotoka. Ulikuwa umemzika Simba, yule mbwa wako wa njano, kwa mikono yako. Siku chache tu alitapika, akakataa chakula, macho yakageuka rangi, basi. Ulisema, "Ni mahindi yaliyomuua." Hukurudia tena, na hakuna aliyekubishia, hata mimi ambaye ubishi kwangu ni kama chumvi.

Basi, baada ya mavuno Meneja akaanza kukaa katikati ya kilima. Tukipanda kwenda shamba la juu, anafika kwenye ule mti wa mparachichi, anakaa, ulimi nje. Mimi mwenyewe hukaa hapo hapo kwa sababu ya magoti, kwa hiyo nilidhani ananisubiri kwa adabu. Nilimsifu hata kwa watu. Ni wifi aliyesema, "Fausta, huyu hakusubiri wewe. Huyu amechoka." Nikamtazama vizuri. Alikuwa anahema tumboni, na pua imekauka.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tulimpeleka ofisi ya kata, tukamwomba daktari wa mifugo amtazame baada ya foleni kwisha. Ni kijana mpole, anaongea na mbwa kabla ya kuongea na mwenye mbwa. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu mpaka wifi akaanza kunishika mkono. Kisha akauliza anakula nini. Nikamsomea maandishi ya mfuko, kwa Kiingereza changu kile unachokijua: njegere, dengu, viazi, nyama ya samaki. Akasema moyo haupigi anavyotaka upige. Akasema pia kwamba huko nje kuna mbwa walioonekana na moyo uliovimba na kulegea wakati wakila vyakula vya namna hii, vilivyojazwa jamii ya kunde badala ya nafaka. Kwamba wataalamu bado wanabishana sababu ni nini hasa. Kwamba yeye hawezi kuapa kuwa ndicho kilichompata Meneja. Nilimpenda kwa kutoapa. Alichotaka ni tumbadilishie chakula, tumpe chenye nafaka, kisha tumrudishe amsikilize tena. Wapo mbwa ambao nafaka fulani inawadhuru kweli, alisema, wanajikuna mpaka wanatoka vidonda, lakini ni wachache, na huyu hana dalili hiyo. Mbwa ameishi na watu muda mrefu kuliko ugali wenyewe. Tumbo lake limejifunza.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamweleza habari ya Simba na neno lako.

Hapo ndipo aliuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kuliuliza. Alisema, "Mama, alikula mahindi gani?"

Kaka, unajua jinsi tunavyofanya. Kila nyumba hapa inafanya. Tunamwaga mahindi kwenye turubai, tunachambua: yanayong'aa ya kula na ya kuuza, na yale yaliyolowa, yaliyooza kichwa, yenye ukungu wa kijani na mweusi, tunayaweka kwenye gunia la kona. Gunia hilo linaitwa mahindi ya mbwa. Hakuna anayeona ajabu. Mama alifanya hivyo, na bibi pia. Mwaka ule mvua iliponyesha wakati wa kuvuna, gunia lako la kona lilijaa kuliko la kula, na Simba alipikiwa kutoka humo.

Daktari alisema ukungu ule una sumu, sumukuvu, na kuchemsha hakuitoi. Inaharibu ini. Kutapika, kukataa chakula, macho ya njano. Alihesabu dalili kwa vidole kana kwamba alikuwepo nyuma ya jiko lako.

Sikuandikii haya kukusuta. Tulirudi nyumbani kwa miguu, wifi mbele, mimi nyuma, Meneja katikati akipumzika kila akipata nafasi. Wifi alipofika alichukua jembe, akachimba shimo nyuma ya zizi, akaburuta gunia la kona la mwaka huu, tulilolijaza kwa mazoea tu, akalimwaga lote na kulifukia. Kuku walisimama kutazama. Nikafikiri jambo limekwisha, nikaingia kusonga ugali wa mbwa. Akanishika mkono wenye mwiko.

"Neno la marehemu halipigiwi kura," akasema. "Kwanza aambiwe."

Nikamwambia aende yeye, ndiye mke. Akasema yeye akisimama pale hulia tu, na ukiwa unasikia utadhani kuna msiba mwingine. "Mwandikie wewe. Wewe ndiye aliyezoea kubishana naye."

Ndiyo maana ya barua hii. Tutaisoma kaburini kwa sauti, wifi akiwepo, kisha tutarudi jikoni. Sijui kama Meneja atapona. Huenda tumechelewa, huenda moyo wake ulikuwa na yake hata kabla ya mifuko. Lakini hatutamnyima chakula kwa kosa ambalo chakula hakikufanya.

Na wewe usijilaumu huko uliko. Ulimpikia Simba kwa mikono yako, ukampulizia sufuria ipoe asiungue. Nilikuona. Mtu anayemchukia mbwa wake hapulizi sufuria.

Ahadi yangu ni hii: unga wa Meneja utatoka kwenye gunia lile lile tunalokula sisi, na dagaa wake nitawachagua kama wa mgeni. Nisichoweza kukiweka mdomoni mwangu hakitaingia kwenye bakuli lake.

Pumzika, Kaka. Miaka yote nilitamani siku moja nikushinde ubishi. Leo nimekushinda, na ningetoa shamba la juu lote ili uninunie mpaka chai.

Mdogo wako,
Fausta