Bingwa wa milango

Shoga, cha kwanza nilichoona ni kwamba yule shujaa wa gemu hana upanga. Miaka yote anachinja watu, toleo jipya kaja mikono mitupu!

Mchumba wangu hakuona. Alikuja kwenye chumba cha gemu cha mjomba, ninapofanya kazi, eti nimtazame anavyocheza. Si anajiita Bingwa!

Sasa sikia. Shujaa karudi nyumbani, mkewe kajifungia ndani. Kuna kitufe cha kupiga na kitufe cha kuomba radhi. Bingwa anapiga mlango tu! Kila akiupiga, shujaa anaanguka na kuanza upya.

Mjomba akamwambia, "Mkwe, si uombe radhi tu yaishe?"

"Nimwombe radhi mwanamke? Wameliharibu gemu hawa!"

Akapiga tena. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Bingwa wa milango!" Chumba kizima kikacheka. Na mimi, na aibu zangu zote, nikacheka.

Akatupa rimoti chini, akanigeukia. "Unacheka nini? Ngoja nikuoe."

Ngoja nikuoe! Mbele ya watu!

Nikaiokota rimoti, nikaifuta.

Jumamosi wazee wake wanakuja kuleta posa. Hata mama sijamwambia, nakuambia wewe: simtaki.