Siku Mbili za Tabora

Temeke, Dar es Salaam
20 Mei 1955

Mwanangu Jovina,

Hujambo mama? Kile kikohozi ulichoniandikia kimekwisha? Sie wazima, ila nyumba imegeuka stesheni. Likizo yangu imekubaliwa ofisini, na tarehe 7 Juni tunapanda treni mpaka Mwanza, kisha meli, kwenda Bukoba: mie, mama yako na mdogo wako Gregori. Mama yako amefunga nazi kumi na mbili za bibi yako. Nilipomwambia ni nyingi, kaongeza tatu. Gregori kila asubuhi anatupanga mkekani na kutudai tiketi. Juzi kamteremsha jirani yetu Mzee Mwinshehe, aliyekuja kuomba moto tu.

Treni itasimama Tabora Jumatano. Mwombe Sista Mkuu ruhusa uje stesheni tukuone. Ni miaka miwili sasa. Tena nikifika Bukoba nitampa mzee Apolinari jibu la posa ya mwanawe Revelian. Ni watu wema, nami nimefurahi sana.

Baba yako,
Gaudens

Tabora
27 Mei 1955

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama pia mfikishie shikamoo yangu. Kikohozi kimeniacha, nala vizuri, na asubuhi najifunza ualimu kwa kuwafundisha darasa la pili. Ruhusa nimepata.

Hilo la mzee Apolinari nimelisoma. Nakuomba usitoe jibu mpaka tuonane. Nimejaribu kukuandikia mara tatu, nikachana mara tatu.

Mwanao,
Jovina

Bukoba
21 Juni 1955

Mwanangu Jovina,

Bibi yako anakusalimu. Magoti yanamsumbua kidogo, lakini nazi zimemchangamsha. Mama yako amenituma niandike yote, maana kila nikimsimulia tunacheka hatufiki mwisho.

Treni iliposimama sikukuona. Kumbe ulishapanda behewa la nyuma kututafuta. Mie nikadhani umenyimwa ruhusa, nikashuka mbio kwenda shuleni kwenu, na kikoi na fulana kama nilivyokuwa nimelala. Sista Mkuu alinitazama mlangoni, akanidhania muuza asali, akasema, "Asali tumekwisha nunua." Nikamwambia, "Mie ni babake Jovina." Hapo hapo treni ikapiga honi, ikaondoka na mama yako, Gregori na suruali zangu zote; afadhali wewe uliwahi kushuka.

Treni nyingine ilikuwa Ijumaa. Nilikasirika sana. Sasa namshukuru Mungu.

Alhamisi, nikiwa nimevaa suruali ya kuazima kwa katekista, nilikaa nyuma ya darasa lako. Nilikuona unamsubiri yule binti mwenye kigugumizi mpaka akamaliza sentensi yake mwenyewe, na darasa zima kimya. Sikujua unaweza hivyo. Halafu tukatembea, ukaniambia, "Baba, sitaki kuolewa na Revelian. Nataka kufundisha." Nikauliza kwa nini hukusema mapema. Ukasema, "Ulikuwa umefurahi mno."

Nilikwenda mpaka sokoni nikikunja vidole, ukadhani nimeudhika. Nilikuwa nahesabu. Bukoba, Mwanza, Morogoro, Dar: kila nilipohamishwa kazi niliwatangazia tu, nanyi mkafunga mizigo. Hata siku moja sikukuuliza wewe unataka nini.

Mzee Apolinari nimemwambia uso kwa uso. Alikunja uso, na Jumapili kanisani alinipita bila salamu. Jana alileta mkungu wa ndizi mwenyewe, akakaa tukanywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, mpaka jua likapungua. Alipoinuka akasema, "Binti akisomesha watoto wetu, itatosha." Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Fundisha.

Baba yako,
Gaudens

Tabora
11 Julai 1955

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mmefika Temeke salama? Gregori hajaugua kwa baridi ya ziwani?

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea mikunjoni. Zile siku mbili nawe nilizipenda. Tangu utoto sikuwahi kuwa nawe peke yako, bila ofisi na bila mizigo.

Leo Sista Mkuu aliniita. Barua ya kazi imekuja: kuanzia Januari nitafundisha shule ya misheni Kinondoni, na kulala nitalala nyumbani kwetu. Mwambie mama. Sista aliniuliza, "Ni mbali, Jovina. Unataka kwenda?" Nikamkumbatia. Sijawahi kumwona akikumbatiwa na mtu. Alisimama mikono imening'inia, kisha polepole akanishika, akasema, "Basi nitawaandikia kwamba umekubali."

Mwanao,
Mwalimu Jovina